Mgeni Njoo, Nani Apone?

Mwezi wa nne, saa sita usiku, mchumba wangu alinitumia video. Ilikuwa fupi tu: mwanamume na mwanamke wanatembea ufuoni Antigua, mchanga mweupe pe, maji ya rangi ile ambayo simu huiongeza hata kama bahari yenyewe haina. Wanashikana mikono. Wanakula kando ya bahari kwenye meza ya wawili. Wanalala kwenye kitanda kilichomwagiwa maua ya waridi. Chini yake aliandika: "Fungate yetu. Siku moja, Mungu akipenda." Nikajibu kwa kopa jekundu, nikalala.

Asubuhi nikaifungua tena. Niliitazama mara tatu hivi nikitafuta kitu nisichokijua, mpaka nikagundua kwamba ninatafuta mtu wa tatu. Hayuko. Meza imeandikwa, aliyeiandika hayuko. Mishumaa inawaka, aliyeiwasha hayuko. Kisiwa kizima kina watu wawili.

Mamangu alifanya kazi londri ya hoteli moja Pwani ya Kusini kwa miaka 19. Labda ndiyo maana macho yangu yako hivi. Mwingine akiona shuka nyeupe anaona usingizi. Mimi naona mikono ya mtu iliyobabuka kwa dawa ya kufulia. Nilipomwambia mchumba wangu hivyo, tuligombana kidogo. Yeye ni mtu wa Nakuru, bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka 22. Akaniuliza swali ambalo limenikaa mpaka leo: "Kwa hivyo sisi haturuhusiwi kupumzika?"

Ni swali zuri, bana. Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikafanya ninachofanya nikikosa jibu: nikarudi kwenye vitabu. Nilisoma upya viwili na kitabu kimoja nikakisoma kwa mara ya kwanza, vyote vikihusu visiwa vya Karibi na watu wanaokwenda huko kutafuta raha. Muda wote methali moja ilikuwa ikinizunguka kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnaijua. Nyumba iliyokuwa ikila mchicha wiki nzima, mgeni akiingia kuku anachinjwa, na watoto wa mwenyeji nao wanapata paja. Mgeni ni neema kwa sababu akila, wote wanakula. Nikawa nakiuliza kila kitabu swali hilohilo: hapa aliyepona ni nani?

Nianze na hadithi ninayoipenda. Terry McMillan alichapisha How Stella Got Her Groove Back mwaka wa 1996, na mwaka wa 1998 ikawa filamu, Angela Bassett akiwa Stella na Taye Diggs akiwa Winston. Stella ni Mmarekani Mweusi wa miaka 40 na kitu, ameachana na mumewe, ana mtoto wa kiume, ana kazi ya maana na nyumba ya maana, na amechoka, ule uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Anakwenda Jamaika. Huko anakutana na Winston, kijana anayekaribia nusu ya umri wake, na mwili uliokuwa umelala unaamka.

Nyumbani Ukunda tuliitazama filamu hiyo kwenye sidii ya kunakiliwa, iliyokuwa ikiruka kila ikifika katikati. Mamangu aliipenda kupita kiasi. Na nikiisoma riwaya leo naelewa kwa nini. McMillan anaandika kama rafiki anayekutumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa bila kuvuta pumzi: sentensi zinakimbia, nukta hazionekani, Stella anajikosoa na kujicheka na kujitetea papo hapo. Wanawake Weusi wa riwaya nyingi tulizosomeshwa hulea, huomboleza, huvumilia. Huyu anakwenda baharini, analala mpaka saa nne asubuhi, na anapendwa. Hakuna anayemwadhibu kwa hilo. Wahakiki wanaoiita hadithi nyepesi sidhani kama wamewahi kumtazama mwanamke aliyetoka zamu ya usiku akimwona Angela Bassett akicheka ufuoni.

Lakini ukiuliza swali la methali, mambo yanageuka. Stella anapona, hilo halina ubishi. Jamaika ndiyo dawa yenyewe, na Winston ndiye kijiko. Tunamjua kwa kifua chake, upole wake, na uvumilivu wake kwa mwanamke asiyeweza kuamua. Anachokitaka maishani mwake tunaelezwa kwa kiasi kile tu kinachotosha kutuhakikishia kwamba hafuati pesa. Huo mnong'ono wa pesa unakisumbua kitabu tangu ukurasa ambao Winston anatokea, na McMillan, badala ya kukaa nao na kuuchunguza, anatumia nguvu nyingi kuukanusha. Hapo ndipo riwaya inaponipoteza. Mapenzi ya mgeni na mwenyeji hayahitaji kuthibitishwa kwamba hayana pesa ndani yake ili yawe mapenzi. Yanahitaji tu mwandishi asiyeiogopa hiyo pesa.

Mwandishi asiyeogopa chochote ni Jamaica Kincaid. Alizaliwa St. John's, Antigua, mwaka wa 1949 kwa jina Elaine Potter Richardson, na akiwa bado msichana alipelekwa Marekani kufanya kazi ya yaya. Kitabu chake A Small Place kilitoka mwaka wa 1988. Hakifiki hata kurasa 100. Unaweza kukianza ukiwa kwenye matatu Rongai na ukakimaliza kabla foleni haijaisha, lakini ukishuka utakuwa umekasirika, na hutajua kama umemkasirikia mwandishi au wewe mwenyewe.

Mbinu yake ni moja: anakuita "wewe". Wewe ndiye mtalii. Unatua kwenye uwanja wa ndege uliopewa jina la waziri mkuu, V. C. Bird, na unajiuliza kidogo kwa nini hakutaka shule au hospitali ipewe jina lake. Unaingia teksi. Unapita maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka wa 1974, ina bango linaloahidi ukarabati, na zaidi ya miaka kumi baadaye bango lingali pale na ukarabati haujaja. (Sisi tuliokulia katika nchi ya mabango ya miradi tunalijua bango hilo kwa jina lake la utani.) Unafika hotelini, unasimama dirishani, unaitazama bahari, unajiona tayari ukitembea ufuoni.

Kisha Kincaid anakuonyesha mabomba. Kisiwa kile ni kidogo, kilomita za mraba 280 hivi, hakina mito ya kutegemewa, na ukame ni jambo la kawaida. Jua lisilokatika unalolifurahia kwa siku zako kumi ndilo linalomfanya mwenyeji ahesabu ndoo. Na maji machafu ya chooni kwako, anauliza, unadhani yanakwenda wapi? Kisiwa hakina mfumo wa maana wa kuyaondoa. Huenda unapoingia baharini jioni, mnakutana. Chakula unachokisifu kwamba ni cha pale pale, kuna uwezekano kimekuja kwa ndege kutoka Miami. Hakuna picha moja ya video ile ya mchumba wangu ambayo Kincaid hakuifikia zaidi ya miaka 35 kabla haijapigwa.

Hamalizii kwenye choo, na hiyo ndiyo tofauti ya kitabu hiki na manung'uniko tu. Anairudisha hoteli kwenye shamba la miwa. Columbus alikipa kisiwa jina mwaka wa 1493 bila kumuuliza mtu. Waingereza wakakijaza watu waliotekwa Afrika. Utumwa ukakomeshwa mwaka wa 1834. Na kizazi baada ya kizazi kazi inayopatikana ni ileile ya kumhudumia mtu anayetoka ng'ambo. Kincaid anakasirishwa na jinsi Waantigua wanavyosherehekea mahafali ya chuo chao cha hoteli, kana kwamba kufundishwa utumishi ni ushindi. Hapo nilifunga kitabu. Binamu yangu alipopata nafasi ya kusomea mambo ya hoteli, kwetu kulipikwa pilau ya sufuria tatu. Mamangu alilia kwa furaha. Je, tulikuwa wajinga? Nadhani Kincaid anakosea hapo, au tuseme anaona kwa jicho moja. Mtu anayesherehekea kazi hasherehekei utumwa. Anasherehekea karo ya wadogo zake.

Kuna pengo jingine. Kincaid anamtambulisha mtalii wake wazi kabisa: ametoka Ulaya au Amerika Kaskazini, na ni mzungu. Pembeni yake uwanjani anamweka Mwantigua Mweusi anayerudi kutoka ng'ambo na maboksi ya nguo na vyakula vya ndugu zake. Huyo anapekuliwa, mtalii anapita. Watu ni hao wawili. Mimi na mchumba wangu hatumo. Tukishuka pale, Wakenya wawili wenye mikopo ya simu na masanduku mapya, sisi ni nani? Kincaid mwenyewe anakubali kwamba kila mwenyeji ni mtalii mtarajiwa, kwamba kila mtu mahali popote angependa kutoka kidogo, ila wengi hawana uwezo wa kwenda popote. Anaigusa hoja hiyo mara moja akaendelea na hasira yake. Mimi ningetamani angekaa hapo kurasa kumi, kwa sababu hapo ndipo swali la mchumba wangu lilipo.

Tusisahau kwamba likizo ya wapendanao haikujiotea ufuoni kama mnazi. Ilibuniwa, na ina tarehe. Mwaka wa 1978 kulifunguliwa Ocho Rios, Jamaika, hoteli ya wawiliwawili tu, iliyoitwa Couples. Mwaka wa 1981 mfanyabiashara Mjamaika, Gordon "Butch" Stewart, akafungua Sandals ya kwanza Montego Bay. Biashara yenyewe ni rahisi kueleza: mnalipa kila kitu kabla ya kuondoka kwenu. Chumba, chakula, pombe, mtumbwi. Mkifika hamna haja ya kutoa hata shilingi. Sasa fikiria maana yake kwa mama anayeuza shanga nje ya lango. Mgeni aliyelipia kila kitu ndani hana sababu ya kutoka nje. Methali inakatika kiuno papo hapo: kuku amechinjwa, lakini watoto wa mwenyeji wako upande wa pili wa ukuta. Ongeza kwamba sheria ya fuo ya Jamaika ya mwaka wa 1956 haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuoga baharini, na utaelewa kwa nini mchanga ule kwenye picha huwa hauna watu. Na neno "wapendanao" lenyewe lilikuwa na mlinzi mlangoni: mpaka mwaka wa 2004 Sandals walipokea tu mwanamume na mwanamke.

Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka kwa Nicole Dennis-Benn, na hiki ndicho kitabu nilichokuwa sijakisoma. Here Comes the Sun, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka wa 2016. Hadithi inatokea mwaka wa 1994 River Bank, kijiji cha wavuvi karibu na Montego Bay, wakati wa ukame, huku hoteli mpya ikikinyemelea kijiji. Margot anafanya kazi mapokezi mchana, na usiku anawauzia wageni mwili wake ili mdogo wake Thandi amalize shule nzuri. Mama yao, Delores, ni yule mama wa shanga: anauza vikumbusho kwa watalii, anatabasamu wanapoteremka, na tabasamu lile linafungwa kama kibanda wakishaondoka. Thandi naye, aliyebebeshwa matumaini ya nyumba nzima, anajichubua ngozi ili dunia imwone.

Huyu ndiye mtu wa tatu niliyekuwa nikimtafuta kwenye video. Dennis-Benn amegeuza kamera. Wageni wapo kwenye riwaya, lakini wanapita nyuma kama vivuli, wengine hawana hata majina, jinsi wafanyakazi walivyo kwenye tangazo la hoteli. Na watu wa River Bank wanazungumza kwa lugha yao, Kipatwa cha Jamaika, bila mwandishi kuomba radhi wala kututafsiria. Kwa msomaji aliyezoea kuchanganya Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani ndani ya sentensi moja, masikio yanatulia.

Lakini kilichonivunja moyo ni mapenzi. Margot anampenda Verdene, mwanamke aliyerudi kijijini kutoka Uingereza, na kijiji kinamtendea Verdene kama mchawi. Hawa ndio wapendanao wa kweli pekee kitabuni, na ndio pekee wasioweza kutembea ufuoni wakishikana mikono. Mapenzi yao ni ya ndani, usiku, pazia likiwa limefungwa. Bahari iko pale pale, hatua chache, na si yao. Mgeni anaweza kukodi ufuo kwa siku saba ili apendwe hadharani. Mwenyeji aliyezaliwa pale anapenda kwa kujificha. Sijasoma popote pengine tofauti hiyo ikiwekwa wazi hivi bila hotuba.

Riwaya ina kasoro. Kuelekea mwisho mabalaa yanapandana: usaliti juu ya usaliti, siri juu ya siri, mpaka unahisi mwandishi haamini kwamba umasikini peke yake unatosha kutuumiza. Na Margot, anayeanza kama mtu aliyeuzwa, anakuwa muuzaji wa wasichana wengine haraka kuliko nilivyoweza kumfuata. Hata hivyo Dennis-Benn anakataa jambo moja ambalo McMillan na Kincaid, kila mmoja kwa njia yake, walilikubali: hakubali kumfanya mwenyeji awe mwema ili tumhurumie. Margot ni mkatili, mjanja, anapenda, anadanganya, anataka nyumba kubwa yenye mandhari ya bahari kama tu wewe na mimi. Mwenyeji anayetaka kupona kwa njia yoyote ile anaweza kuwaugua wenzake. Methali haikutuambia hilo.

Kwa hivyo je, haturuhusiwi kupumzika? Baada ya vitabu vitatu nimefika hapa. Uongo wa likizo ya mapenzi si mapenzi, wala si bahari. Uongo ni ule wa watu wawili peke yao. Na cha ajabu ni kwamba Kiswahili kilishawahi kuwa na jibu, ndani ya neno lenyewe alilotumia mchumba wangu. Fungate ni saba. Siku saba ambazo bibi na bwana harusi walikaa ndani, wakilishwa, wakioshwa, wakifukizwa udi. Walihudumiwa kuliko mtalii yeyote wa Antigua! Tofauti ni kwamba waliokuwa wakiwahudumia walikuwa somo, shangazi, mama wakubwa. Watu wenye majina, wenye haki ya kumtania bwana harusi mlangoni, na ambao kesho arusi zao au za watoto wao zingekuja na wewe ungekuwa jikoni unapalia mkaa. Raha ilikuwa deni linalozunguka. Sitaki kuipamba, najua pia mambo mangapi wanawake waliamriwa kuvumilia ndani ya siku hizo saba. Lakini hakuna aliyejifanya kwamba chakula kilijipika.

Nilimpigia mamangu nikamweleza kuhusu video na ugomvi wetu. Nilidhani atakuwa upande wangu. Akacheka. "Mwanangu, mimi nilifua shuka za watu miaka yote hiyo ili wewe usije ukaona haya kulalia shuka iliyofuliwa na mtu. Nenda. Lakini muulize jina lake, na usiache chumba kama zizi."

Ndipo nikakumbuka ile sidii. Kuna mahali kwenye filamu kamera inapita chumbani kwa Stella, na mimi, mtoto, nilikuwa nikingoja wapendane. Mamangu alisimamisha, akarudisha nyuma, akainama karibu na kioo. "Hebu tazama kona za kitanda kile," akasema. "Aliyetandika pale ni fundi." Miaka yote nimekuwa nikisimulia kisa hicho kama kichekesho. Sasa naona ulikuwa uhakiki bora kuliko huu wangu: aliipenda hadithi ya Stella na wakati huohuo akamwona mtu asiyeonyeshwa.

Mchumba wangu sasa anasoma A Small Place. Amefika kwenye maktaba. Jana alinitumia ujumbe: "Huyu mama ni mkali, lakini bado nataka kwenda." Nimemwambia akimaliza aingie kwa Dennis-Benn moja kwa moja, asipumzike katikati. Hatujaamua kuhusu fungate, na pesa zenyewe bado hazijaamua kutujia. Desemba tunakwenda Ukunda. Mamangu anataka tumtazame Stella tena, na nimeahidi kutafuta nakala isiyoruka.